Humu Hamna Mtu

Queen alitema tonge, akasema limezidi chumvi. Ugali huo, jamani! Nani hutia chumvi kwenye ugali? Mama yake, Dorkasi, akacheka. Hosea, baba mtu, hakucheka, maana saa saba ile ya mchana harufu ya ubani ilikuwa imejaa chumba kizima, na nyumba yao ya Kilutheri haijapata kufukizwa hata siku moja.

Alijua inatoka wapi. Katikati ya shamba la mkonge la Mwera palikuwa na kichaka chenye mawe matatu, na kila mwanzo wa msimu wa kukata, wafanyakazi wote, Wakristo kwa Waislamu, walipeleka wali usio na chumvi kwa jini mwenye mahali. Enzi za unyapara wake, Hosea ndiye aliyebeba sinia. Kisha serikali ikataka kuliuza shamba kwa kampuni, ajira zije. Yeye, sasa mwenyekiti wa kitongoji, akaulizwa kama mle shambani mna mtu. Akatia saini kwamba hamna. Alitaka Queen apate kazi tu, mzee wa watu, na Queen akaipata, ya ukarani. Wiki hiyohiyo katapila likang'oa kichaka.

Siku ya tatu binti alikuwa hali, halali, amekaa kitako anatazama ukuta, na sauti nzito isiyo yake ikimtoka kifuani, ikiuliza taratibu njia ya kurudi kwake ni ipi, maana amekwenda akakuta waya, amezunguka upande wa baharini akakuta waya, amerudi upande wa barabara akakuta waya na mlinzi wa lango, akamsalimu, na mlinzi hakuitika.

Wakamwita Bi Shamsiya, mganga wa majini. Babu yake, Mmanga wa Omani, ndiye aliyemweka jini huyo zamani, alinde shamba.

"Shikamoo, bibi. Mtoe," Hosea alinong'ona.

"Marahaba. Kumtoa si kazi, mwanangu. Jini hutolewa akapewa pa kukaa. Utampa wapi?"

"Uani kwangu."

"Uani kwako kumo kwenye ramani ya kampuni. Si ulisaini mwenyewe? Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."

Hosea akapiga magoti mbele ya mwanawe. "Bwana wangu, niliyekosa ni mimi. Mwache mtoto. Nipande mimi."

Queen akamgeukia kwa upole.

"Wewe uliandika humu hamna mtu," ile sauti ikasema, "na wewe unaishi humu. Nitampandaje asiyekuwepo? Huyu jina lake limo kwenye daftari la kampuni."

Bi Shamsiya akamwaga makaa ya chetezo uani, akajitanda buibui lake, akaondoka bila kuaga. Dorkasi akajifunga kanga kiunoni, akaangua kilio cha msiba hadi majirani wakaja mbio kuuliza nani amefariki, na Queen akawakaribisha mlangoni mmoja mmoja, kwa ile sauti nzito.