Kitabu Kina Lugha Yake

Asubuhi nyumba ile ilikuwa na sauti mbili. Mke alishona sare za shule karibu na dirisha, cherehani ikilia. Mume alinyoa ndevu mbele ya kioo huku akisema peke yake, akiuzoeza ulimi kabla ya kwenda mahakamani. Alijua lugha nne. Mshtakiwa alisema yake, hakimu alisema yake, naye akasimama katikati mpaka kila mmoja akamwelewa mwenzake. Mtaani walimwita Mkalimani, na jina alilopewa na wazazi wake wengi hawakulijua.

Kisha koo likaugua. Alitibiwa, akapona, lakini sauti haikurudi. Ulibaki mnong'ono tu, na hata huo ulimchosha. Daktari hakuzunguka mbuyu. "Uhai tumeuokoa," alimwambia. "Sauti usiisubiri."

Mahakama haina kazi ya kumpa mkalimani asiyesikika. Hata hivyo, mkuu wa ofisi alikuwa mtu wa haki. Alimwita, akamwekea mezani kitabu kinene cha sayansi ya kompyuta.

"Kitengo cha kompyuta kina nafasi moja," mkuu alisema. "Wanataka mtu wa kuandika programu ndogo ndogo za kutunza mafaili ya kesi. Wafanyakazi wao wote walianza na kitabu hiki. Kisome, ufanye mazoezi yake. Mapumziko ya mahakama yakiisha, utafanya mtihani. Ukifaulu, unabaki nasi. Usipofaulu, ndugu yangu, sina pa kukuweka."

Programu ni maagizo yanayoandikwa ili kompyuta iyafuate. Na maagizo hayo huandikwa kwa lugha maalumu. Lugha hizo ni nyingi, kama zilivyo nyingi lugha za watu. Mkalimani hakulijua hilo alipokibeba kitabu kwenda nacho nyumbani.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa fundi wa simu na kompyuta. Alimletea kompyuta iliyotumika, bado nzuri. Ndani yake alikuwa ameshaweka programu ya kuandikia maagizo hayo.

"Hii ndiyo wanayotumia wakubwa, shemeji," alisema kwa fahari. "Nimekuwekea ya kisasa kabisa. Wewe kaa, anza."

Mkalimani alikaa, akaanza. Aliandika mfano wa kwanza wa kitabu, herufi kwa herufi. Kompyuta ikamjibu kwa maandishi mekundu: haikuelewa. Akafuta, akaandika upya polepole. Mekundu tena.

Shemeji alikichungulia kitabu. "Aa, nimeona. Kitabu kinatumia lugha nyingine, ya zamani hiyo. Usijisumbue nayo. Badilisha tu maneno yake yafanane na haya yetu."

Mtu mwingine angeuliza maswali. Mkalimani alifurahi. Kumwambia mkalimani atafsiri ni kumwambia bata aoge. Kazi yake ya miaka yote imemfuata mpaka nyumbani, na safari hii haihitaji koo.

Sura ya kwanza ilikwenda vizuri. Kitabu kilipotaka kujumlisha, kiliweka alama ya kujumlisha mbele, kisha namba, vyote ndani ya mabano. Kompyuta ya shemeji ilitaka alama ikae katikati ya namba. Mkalimani akageuza, na majibu yakaja sawasawa. Sura ya pili ilikwenda polepole zaidi. Kila mstari alikuwa anauandika mara mbili, kwanza kichwani, kisha kwenye kompyuta.

Sura ya tatu ikamkalia kooni. Ilihusu orodha. Kitabu kilisema kila orodha ina cha kwanza na vilivyobaki, na lugha ya kitabu ilikuwa na maneno mawili mepesi ya kuvitaja. Lugha ya shemeji haikuwa nayo. Mkalimani alijenga yake, marefu, yenye viraka. Aliipa kompyuta orodha ya vitu vitano ivihesabu. Ikajibu vinne. Akarekebisha, ikajibu sifuri. Akarekebisha tena, ikahesabu bila kikomo mpaka akailazimisha kusimama. Wiki zilipita akiwa kwenye kurasa zilezile, na mapumziko ya mahakama yalikuwa yanakwisha.

Mchana mmoja alikifunga kitabu.

"Kesho nampelekea mkuu kitabu chake," alinong'ona. "Mimi ni mjinga, mke wangu. Nilikuwa na ulimi tu, akili sikuwa nayo."

Mkewe aliinua mguu kutoka kwenye cherehani. "Mimi niliolewa na mjinga lini? Mbona sikuambiwa?"

Mume hakucheka. Naye mke akaona kwamba utani haukuwa wa saa ile.

"Kamuulize Mama Nukta," alimwambia kwa upole.

Mama Nukta alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Alifundisha kompyuta katika chuo cha ufundi. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu aliwaambia kila siku kwamba nukta moja ikikosewa, programu nzima hulala.

"Nimuulize nini? Mtu mzima nimeshindwa kuhesabu vitu vitano?"

"Kuuliza si ujinga."

"Aibu ni yangu, siyo yako."

"Na chakula cha nyumba hii ni cha nani?" mke aliuliza. Alikuwa ameficha hofu yake tangu siku ya daktari, na sasa ilimtoka. Hakungoja jibu. Alitoka nje, akamwita jirani juu ya ukuta.

Mama Nukta alipiga hodi, akakaribishwa, akaketi kando ya Mkalimani. Hakuigusa kompyuta. Alitazama kitabu, kisha yale maandishi yenye viraka.

"Jirani, hii yote umeitafsiri mwenyewe?"

Mkalimani aliitikia kwa kichwa.

"Pole. Ni kazi kubwa sana. Na dibaji uliisoma?"

"Dibaji?" alinong'ona. "Si ni pale mwandishi anapomshukuru mkewe?"

"Anamshukuru, ndiyo. Lakini kabla ya kumshukuru huwa anasema jambo. Hebu fungua."

Mkalimani alifungua kurasa za mwanzo, alizoziruka siku ile ya kwanza. Mambo yalikuwa yameandikwa wazi. Mifano yote ya kitabu hiki, toleo hili, imejaribiwa kwa programu fulani ya wanafunzi. Jina la programu lilikuwepo. Anwani ya tovuti ya kuipata ilikuwepo. Ilikuwa ya bure. Alisoma mstari ule zaidi ya mara moja, na mkono wake ukatulia juu ya ukurasa.

"Sikiliza," Mama Nukta alisema. "Kompyuta yenyewe haielewi lugha ya kitabu chako, wala ile ya shemeji yako. Ndani yake huwekwa programu inayosoma ulichoandika na kuifanya mashine itende. Sisi walimu programu hiyo tunaiita mkalimani."

Mke aliyekuwa amesimama mlangoni alisogea karibu.

"Mume wangu," alisema, "mahakamani akiletwa shahidi mwenye lugha usiyoijua, ulikuwa unafanyaje?"

"Nilinyoosha mkono. Nilimwambia hakimu amtafutie mkalimani mwingine."

"Hata kama lugha yake ilikaribiana na yako?"

"Hapo ndipo penye hatari zaidi. Unadhani umeelewa."

"Basi hapa umekaa na mkalimani asiyeijua lugha ya kitabu," Mama Nukta alisema. "Halafu wewe ukawa unamtafsiria mkalimani. Na wakati huohuo unataka kujifunza somo jipya. Mshika mbili moja humponyoka. Maandishi mekundu yakitokea, unajuaje kama umekosea somo au umekosea tafsiri?"

Mkalimani alifikiri. "Sijui," alinong'ona. "Sijawahi kujua."

"Ndilo tatizo, na si akili yako."

Maneno hayo yalimwingia taratibu. Lakini mashaka hayakumwisha.

"Shemeji anasema lugha ya kitabu ni ya zamani. Kazini si watataka hii ya kisasa?"

"Shemeji yako hakusema uongo. Alichokuwekea ni chombo kizuri cha kazi. Lakini leo una kitabu cha kumaliza. Mwandishi aliichagua lugha ndogo makusudi, isikupotezee muda na mambo mengi, upate kujifunza kufikiri. Ukishajua kufikiri, lugha ya pili utaipata upesi. Wewe hasa, mwenye nne kichwani."

Walimwita shemeji aje na intaneti yake. Alikuja, akasikiliza, akajikuna kichwa. "Nami sikuisoma hiyo dibaji," alikiri. Kisha akatoa kifaa kidogo cha kuhifadhia kazi. "Programu hiyo rafiki yangu alinipa. Iko humu."

"Hapana, kaka," Mama Nukta alimkatalia. "Kinachopita mikono mingi hubeba virusi, na hujui ni toleo gani. Tuipakue kwa walioitengeneza wenyewe, kwenye anwani iliyoko kitabuni."

Ilipomaliza kuingia, programu iliuliza mtumiaji yuko ngazi gani.

"Mwekee ya juu," shemeji alisema. "Mtu huyu ana akili."

"Akili anayo, lakini anaanza. Jirani, chagua ngazi ya wanaoanza, kama kitabu kinavyosema. Huko ukikosea utaelezwa kwa maneno mepesi, na utaonyeshwa mahali ulipokosea."

Mkalimani alichagua. Kisha Mama Nukta akamwambia aandike mfano wa kwanza wa kitabu bila kubadilisha chochote. Aliandika alama mbele, namba zikafuata, mabano yakafunga. Jibu likatokea.

"Usifurahi bado. Lilinganishe na lililoko kitabuni."

Yalikuwa sawa.

"Sasa unajua mkalimani huyu na kitabu hiki wanaelewana. Kesho rudi sura ya kwanza."

"Ya kwanza? Muda umekwenda, Mwalimu."

"Umekwenda. Ndiyo maana tusiupoteze tena."

Alirudi sura ya kwanza. Iliuma kama kurudishwa darasa, lakini alirudi. Sasa akili yake yote ilikuwa kwenye somo. Alipokosea, programu ilimwambia: mabano haya hayajafungwa, neno hili silijui. Alirekebisha, akasonga. Alipofika tena sura ya tatu, aliziona orodha kama hakuwahi kuziona.

Alichukua kopo la vifungo la mkewe, akalimwaga mezani.

"Unanichafulia kazi," mke alisema, lakini alisogeza kitambaa.

"Tuvihesabu," alinong'ona. "Kopo likiwa tupu, jibu ni sifuri. Likiwa na vifungo, toa kimoja. Mpe mtu mwingine ahesabu vilivyobaki, kisha wewe ongeza kimoja juu ya jibu lake."

"Na huyo mwingine atahesabuje?"

"Vivyo hivyo. Atatoa kimoja, atampa mwingine."

Mke alifikiri. "Mpaka mmoja apewe kopo tupu."

"Yeye atasema sifuri, na majibu yataanza kurudi."

Walitazamana. Lilikuwa ndilo somo lililomlaza chali kwa wiki nzima nzima, na fundi cherehani alikuwa amelishika kwa vifungo vyake. Mkalimani aliandika mistari michache kwenye kompyuta. Ikajibu: vitano.

Siku ya mtihani msimamizi wa kitengo cha kompyuta alimpa orodha ya mafaili. Alitakiwa kuandika programu ya kuonyesha kesi ambazo tarehe zake zimepita. Mkalimani aliandika kwa lugha ya kitabu. Alitenganisha cha kwanza na vilivyobaki, na majibu yakaja yote.

Msimamizi alitazama. "Vizuri. Ila humu ndani tunatumia lugha nyingine," akasema, akafungua kompyuta ya ofisi. Mkalimani aliitambua mara moja. Ilikuwa ileile ya shemeji. "Unaweza kuiandika kwa hii?"

"Nipe muda kidogo," alinong'ona.

Alipewa. Safari hii hakubahatisha mstari hata mmoja. Alijua kila sehemu ya programu ilikuwa inafanya nini na kwa nini. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu cha kutafsiri.

Mkuu wa ofisi mwenyewe ndiye aliyemletea jibu barazani, akampa mkono. Mkalimani alikuwa amefaulu, amebaki kazini.

Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Mkewe alimwona mlangoni, akauliza kwa macho. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akakaa kwenye kiti, akalia. Siku daktari alipompa habari hakulia, wala siku alipokabidhi kitambulisho cha ukalimani. Mkewe hakumwambia anyamaze. Alifunga mlango, akavuta kiti cha pili, akakaa naye.