Hatua Mia Nne na Kumi na Mbili

Jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ile lilikuwa kumpima binti urefu. Alisimama ameegemea fremu ya mlango wa chumba chake, visigino vimegusana, na baba yake akaweka rula juu ya kichwa chake.

"Mia moja thelathini na nane," akasema baba.

"Mia moja thelathini na nane," binti akarudia, kisha akachukua penseli akaandika mwenyewe, kwa kuwa mama yake, aliyezoea kurudia na kuandika, alikuwa amezikwa miezi saba iliyopita.

"Baba, huko porini utakula nini?"

"Mkate na mayai."

"Na fisi watakula nini?"

"Mpima ardhi. Ila mimi ni mifupa mitupu, watanitema."

Binti akacheka. Shangazi yake, aliyehamia kwao tangu msiba, hakucheka. "Kaka, mtu mwenye kitanda haendi kulala chini ya jiwe."

"Usiku mmoja tu, dada."

Hakumwambia sababu. Nyumba iliyojaa wafariji haina pembe ya kulilia, naye alikuwa hajalia hata mara moja.

Mahali alipapata kazini, kwenye ramani ya zamani: machimbo ya kokoto yaliyofungwa, kilomita thelathini na moja kutoka nyumbani kwake. Nyuma ya vilima vya mawe palikuwa na uwanda mdogo wa nyasi na dimbwi la maji, pasipoonekana kutoka barabarani. Jiji zima lilikuwa linatafuta utulivu, na yeye aliuona akiwa ameketi kwenye meza yake.

Getini alimkuta mlinzi, mwanamke mnene aliyekuwa akifuma sweta.

"Kaka, umefukuzwa nyumbani?"

"Nimejifukuza."

"Basi karibu. Pika, lala, imba ukitaka. Ila usihesabu kitu kwa sauti."

"Kwa nini?"

Mlinzi akamwinulia sweta. Mkono mmoja ulikuwa wa kawaida. Wa pili ulikuwa mrefu kiasi cha kuburuzika chini. "Unadhani sijui kuhesabu vishono? Nilihesabu siku moja tu. Kuna aliyenisahihisha. Tangu hapo nafuma kwa kukisia."

Mpima ardhi alitabasamu kwa adabu ya msomi, akashukuru, akapita.

Kutoka kwenye gari hadi uwandani alihesabu hatua moyoni, kama alivyohesabu kila njia maishani mwake: mia nne na kumi na mbili. Jua lilikuwa linazama alipoanza kusimamisha hema. Akataka kamba zake zilingane, basi akavuta futikamba.

Mazoea yana taabu. Katika kazi yao anayesoma kipimo hukitamka, na mwandishi hukirudia kabla ya kuandika, ili kosa lisipenye. Kwa miaka kumi na minne mwandishi wake alikuwa mke wake. Ulimi hauna habari ya kifo.

"Tatu nukta mbili," akatamka.

"Tatu nukta mbili," kipimo kikarudi kutoka nyuma ya mawe.

Mwangwi, akajiambia. Machimbo yote yana mwangwi. Akavuta kamba ya pili.

"Nne nukta saba."

Kutoka nyuma ya mawe likaja jibu:

"Nne nukta moja. Soma tena."

Akainamia futikamba. Ilikuwa nne nukta moja.

Mwangwi hausahihishi. Alilijua hilo, na nywele za shingoni zilikuwa zimekwisha kusimama, lakini sauti ilikuwa ya mke wake, pamoja na ule mkwaruzo mdogo mwishoni mwa neno. Upepo ukaleta harufu ya penseli iliyotoka kuchongwa. Akalia, hatimaye akalia, na huku analia akajibu alivyojibu kila siku ya kazi:

"Sawa."

"Tuendelee, Bwana Milimita," ikasema sauti. Jina hilo mke wake peke yake ndiye aliyemwita. "Kutoka hapa mpaka kwenye gari?"

"Mia nne na kumi na mbili."

"Mia nne na kumi na mbili. Kutoka kwenye gari mpaka nyumbani?"

"Kilomita thelathini na moja."

Giza likashuka, na harufu ya penseli ikaanza kuchachuka, ikawa harufu ya dawa za wodini, ile iliyokaa kwenye shuka za mkewe wiki ya mwisho, naye akaendelea kujibu kwa sababu kila jibu lilimletea sauti ile mara moja zaidi, kutoka geti la nyumbani mpaka mlango wa mbele hatua kumi na sita, kutoka mlangoni mpaka mwanzo wa korido hatua saba, akijua mahali fulani chini ya kifua chake kwamba mtu aliyeishi katika nyumba ile hana haja ya kuuliza.

"Na mpaka kitanda cha mtoto?"

"Tisa," ulimi ukasema.

Hapo ndipo alipozinduka. Mkewe hakuwahi kumwita binti yao "mtoto". Tangu siku alipozaliwa alimwita "bibi yangu".

"Nimeandika," ikasema sauti.

Kisha nyayo zikasikika juu ya kokoto, taratibu, zikielekea ziliko taa za jiji, na sauti ikihesabu chini kwa chini: moja, mbili, tatu.

Alikimbia. Alikimbia kuelekea kwenye gari hatua mia nne na kumi na mbili, akafika kwenye hema lake. Akageuka, akakimbia tena idadi ile ile, akafika kwenye hema lake, na simu haikushika mtandao katika shimo lile la mawe, na kila alipokwenda, kwa njia yoyote, mwisho wa hesabu ulikuwa hema, mpaka mbingu ikapauka.

Alfajiri gari likawa mahali pake. Simu ikashika mtandao, ikaita.

"Baba, ulirudi usiku?" Alikuwa binti.

"Hapana."

"Mbona kuna mstari mpya mlangoni? Mia moja thelathini na nane nukta nne. Mwandiko ni wa mama." Akashusha sauti. "Mimi nilikuwa nimelala, Baba. Nimepimwaje?"

"Mpe shangazi simu." Aliposikia pumzi ya dada yake akasema, "Mchukue uondoke naye sasa hivi. Mbali. Usiniambie wapi. Usiniambie kilomita ngapi."

"Kaka, unanitisha."

"Nenda, dada."

Kila mpima ardhi anajua kwamba kazi iliyoanzia alama moja lazima irudi kwenye alama ile ile. Hesabu zikikubaliana, mpaka umefungwa, na kilichomo ndani kina mwenyewe. Zisipokubaliana, kazi yote inarudiwa.

Angeweza kuwafuata. Lakini popote ambapo angefika, angekuwa ameujua umbali wake, na ulimi ungeutamka.

Asubuhi ile alirudi uwandani, akaondoa betri ya simu akaitupa dimbwini. Akakung'uta umande kwenye futikamba, akaketi mbele ya hema, akangoja. Jua lilipopanda juu ya mawe nyayo zikarudi kutoka upande wa jiji, pamoja na ile harufu.

"Kutoka hapa mpaka kwenye gari?"

"Mia nne na kumi na moja," akasema, akipunguza hatua moja kwa makusudi.

Penseli ikakwaruza. Ikasita.

"Haifungi," ikasema sauti, bila hasira, kama ambavyo angesema mkewe. "Tutarudia mpaka ifunge, Bwana Milimita. Mimi sichoki."

"Haya," akasema, akavuta futikamba. "Andika."