Watu wa Ain Tamsa

Wasila alikuwa amefika jina la tatu ndipo alipogundua kwamba kuna mtu anamwitikia.

Ilikuwa saa sita na nusu mchana, mji mzima wa Nafta umelala kailula, na ofisi ya ramani haikuwa na mtu ila yeye. Umri wake miaka hamsini na tisa, magoti yamechakaa, na kazi aliyobakiziwa kabla ya kustaafu ilikuwa kuvitafuta vijiji tisa vilivyomo kwenye ramani za zamani na visivyomo kwenye mpya. Vinane alikwishavipata. Kimoja kilimezwa na mchanga, vingine watu wake walifuata maji mjini. Cha tisa, Ain Tamsa, kilikuwa nukta tu ukingoni mwa bonde la chumvi. Baada ya siku nyingi za kula vumbi alipata daftari la mwaka 1934 lenye kaya zake saba. Akawa anasoma kwa sauti, ulimi uyasaidie macho yaliyochoka.

"Salahi bin Ali."

"Naam," ikasema sauti ya mwanamume nyuma ya makabati.

"Lazhari, niache nimalize," alisema bila kugeuka. Kisha kupitia dirishani akamwona Lazhari dereva, amelala ndani ya gari chini ya ukuta, miguu nje.

Pengine angenyamaza. Lakini alikuwa amechoka kiasi cha kutoweza hata kuogopa upesi, na mdomo ukaendelea kwa mazoea. Wa nne, wa tano, wa sita, kila mmoja na sauti yake. Wa saba alikuwa Amori bin Belgasimu, na chini yake binti mmoja, Dhahbiya, miaka mitatu.

"Naam," kikajibu kitoto, karibu na kiti chake, na ofisi ambayo haikuonja mvua kwa miaka miwili ikajaa harufu ya tope la chemchemi.

Alifunga daftari, akaenda nyumbani, hakumwambia mtu.

Kesho yake alipita nyumbani mchana kumpikia mumewe Munji, mwalimu mstaafu mwenye mguu mbovu. Alikuwa jikoni akikatakata pilipili Munji alipomwita kutoka sebuleni.

"Wasila!"

"Naam," ikajibu sauti yake Wasila, nje ya mlango wa barabarani. "Nifungulie, Munji. Jua linaniua."

Alisikia gongo la mumewe likisogea. Akatoka mbio jikoni, akamkuta mkono uko kwenye komeo. Munji akamtazama yeye, akautazama mlango, uso ukamparama.

"Kama wewe uko humu," alinong'ona, "yule ni nani?"

"Usiniite tena jina," Wasila akamnong'oneza. "Usiite jina la mtu yeyote."

Wakakaa sakafuni wameshikana mikono, na ile sauti ikabembeleza, ikalalamika kiu, ikataja vitu ambavyo mke humtajia mumewe peke yake, na maji yenye tope yakaanza kupenya chini ya mlango, taratibu, mpaka muadhini alipoadhini alasiri ndipo kukawa kimya.

Lazhari aliposikia habari hiyo alikuna kidevu. "Dhahbiya, umesema? Dada yangu, bibi yake mke wangu anaitwa hivyo. Ila jina hilo tunalijua sisi wa nyumbani tu. Kwenye kitambulisho ni Fatma."

Wakamkuta Hajja, yule bibi, uani akitoa kokwa za tende, mwanamke wa miaka themanini na minane, mkavu kama kuni.

"Nani amekutuma uwataje?" aliuliza.

"Kazi, Bibi. Nilitaka wasipotee."

"Tulipotea kwa makusudi, mwanangu. Pale chemchemini palikuwa na jini. Ukimwita mtu, liliitikia kwa sauti yake. Mama akiita wanawe, hajui nani kaitika. Watoto wawili waliifuata sauti ya mama yao hadi majini. Baba akaleta mafakihi watatu. Waliposoma dua, lenyewe ndilo lililoitikia Amina. Basi tukahama na kila mtu akatupa jina lake."

"Sasa nifanye nini?"

Hajja akapangusa vidole. "Ulipotutaja, likadhani tumerudi. Lazima liambiwe hatupo. Nipeleke."

Walifika Ain Tamsa adhuhuri ya kesho yake. Kuta saba zilizobomoka, shimo kavu la chemchemi, chumvi ikiumiza macho. Lazhari alibaki garini. Hajja akamwegemea Wasila na kusema kwa sauti ya kawaida, kama anayetoa habari za msiba.

"Salahi bin Ali amekufa. Mungu amrehemu."

"Naam," ikajibu kutoka shimoni, chini sana.

Akawataja wote hivyo, na kila sauti ikaitika mara moja, isisikike tena. Wa mwisho alikuwa baba yake, Amori. Kisha shimo likauliza lenyewe, kwa sauti ya mtoto.

"Na Dhahbiya?"

Wasila alihisi uzito wote wa yule bibi mkononi mwake.

"Dhahbiya alikufa mdogo," Hajja alisema. "Kwa surua."

Kikaanza kilio cha mtoto aliyeachwa peke yake, kikawafuata kwenye chumvi hatua kwa hatua, kikasimama kando ya gari wakifunga milango, na Hajja hakugeuka, akatazama mbele huku machozi yakimtiririka, mpaka kikabaki nyuma.

"Kitoto kile nilikuwa nakipenda," alisema walipoikaribia barabara ya lami. Hakueleza ni kitoto kipi.

Wasila aliandika kwenye ripoti: Ain Tamsa haikupatikana. Daftari alilichoma. Akastaafu.

Hajja aliishi miaka minne zaidi. Siku ya maziko yake, mchana wa jua kali, shehe aliinama kaburini ili amsomee talakini, akauliza marehemu aitwe nani. Lazhari akafungua mdomo. Wasila akamshika mkono wa kanzu kwa nguvu.

"Fatma," alisema. "Fatma binti Hawa, mama yetu sote."

"Ewe Fatma binti Hawa," shehe akaita.

Wasila akasikiliza. Upepo ulipita juu ya makaburi. Hakuna aliyeitika.