Unga Mweusi wa Kafedha

Jumatatu tarehe 9 Agosti 1943, saa moja asubuhi, Kafedha alikuwa akipima wakia mbili za mwisho za kobalti katika karakana ya baba yake huko Changamwe. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili. Kila siku kabla ya shule alipima unga wa glezi, ile rangi ipakwayo juu ya udongo na kugeuka kioo tanurini. Kobalti ni unga mweusi. Motoni hutoa buluu.

Kanuni ilikuwa kufunga mlango kabla ya kufungua kopo. Siku hiyo Kafedha aliuacha wazi apate mwanga. Upepo wa kusi ukaubamiza mlango kwenye meza, sahani ya mizani ikapinduka, na kobalti ikamwagika yote katika mchanga wa sakafuni. Kopo lilibaki tupu. Kwa sababu ya vita, meli hazikuleta nyingine.

Rafuni palikuwa na betri kuukuu za kurunzi. Kafedha alipasua moja, akatoa unga wake mweusi, akausaga, akapima wakia mbili na kuutia katika ndoo ya glezi. Kwa macho haukuwa na tofauti na kobalti.

Glezi hiyo ilipakwa kwenye vigae mia vya msikiti mmoja wa Likoni. Mzee Mwinyihaji, aliyeviagiza, alitaka vibandikwe kabla ya Ramadhani.

Tanuri lilifunguliwa Jumamosi. Vigae vyote vilikuwa vya kahawia, vimejaa malengelenge.

"Ngowa, umezidisha moto!" Gona, baba yake Kafedha, alimwambia mchochea tanuri mbele ya vibarua.

"Moto wangu naujua, bwana. Labda vigae vimeshikwa na surua."

"Unanifanyia mzaha, mharibifu we? Hakuna kobalti nyingine Mombasa nzima. Nenda zako. Usirudi."

Ngowa alikunja shati lake la kazi, akaliweka juu ya kuni, akaondoka. Alikuwa amechochea tanuri hilo miaka sita.

Adhuhuri Mwinyihaji alifika. Kafedha alimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akajibu, "Marahaba," bila kumtazama. Alikuwa akitazama vigae.

"Wallahi, Gona, jamaa wa msikiti nimewaahidi buluu. Sasa nitawaambia nini?"

"Waambie kobalti imekwisha, mzee."

Gona alikaa juu ya kizingiti. Kafedha hakuwa amewahi kumwona akikaa hivyo mchana. Baba yake hakula chakula cha mchana wala cha jioni. Kafedha naye hakugusa sahani yake. Shati la Ngowa lilikuwa bado juu ya kuni.

"Baba," alisema, "Ngowa hana kosa. Kobalti niliimwaga mimi. Nilitia unga wa betri."

Gona aliinuka kutoka kizingitini. Kisha akaenda nyumbani kwa Ngowa kumwomba radhi, Kafedha akimfuata nyuma.

"Nitarudi," Ngowa alisema. "Lakini mbele ya watu uliniita mharibifu, bwana. Hilo halirudi."

Jumatatu, wakitafuta rangi badala ya buluu, walichoma vipande vya waya wa shaba nyekundu, wakasaga magamba yake meusi, wakayajaribu kwenye vigae vitatu vidogo kwa vipimo vitatu. Kipimo cha wakia kumi kwa ndoo, mara tano ya kile cha kobalti, kilitoa kijani safi. Mwinyihaji alikishika kigae hicho, akakigeuza mara mbili.

"Si buluu," alisema. "Lakini kitafaa."

Gona alimwita binti yake mezani.

"Vitu viwili huweza kufanana mkononi na kutengana motoni," alimwambia. "Ndiyo maana hujaribiwa kwanza. Ungesema siku ileile, tungepoteza wakia mbili tu. Ulinyamaza siku tano. Tumepoteza vigae mia, na mtu mwema alifukuzwa kwa kosa lako. Kosa likifichwa halikai lilipo, mwanangu. Humwangukia mwingine."

"Ndiyo, baba."

Ngowa alivaa shati lake, akawasha tanuri kuchoma vigae mia vipya. Ijumaa tarehe 27 Agosti, kigae cha mia kilibandikwa ukutani Likoni. Kilikuwa cha kijani.