Pole ya Bi Zeyana

Zama zile Unguja ingali chini ya bendera nyekundu ya Seyyid, mabibi wa nchi nne za Afrika ya Mashariki walianza kushindania kombe la tenisi, kila nchi na kikosi chake. Unguja ilipeleka wanawake wanne. Walivuka kwa meli hadi Mombasa, wakapanda garimoshi hadi Kisumu, kisha meli ya ziwani, wakafika Kampala miguu imevimba na nyuzi za raketi zimelegea kwa unyevu. Safari peke yake ilitosha kuwa vita.

Wazee wa klabu yao huko Unguja walikwishawaapia: wakirudi mikono mitupu, kiwanja walichopewa wanawake kitarudi kwa wanaume.

Fainali ikawa ya Unguja na Kenya; Unguja ikashinda michezo miwili, Kenya miwili. Wa tano akaachiwa Zeyana binti Suud, mdogo wao, acheze na Bibi Hargrave, mke wa mlowezi, mwanamke mrefu asiyejua kuchoka. Zeyana alivaa suruali ya marinda na kanzu nyeupe, shela kaikaza kichwani. Jua lilimchoma mpaka akawa anaona mipira miwili miwili. Hata hivyo ilibaki pointi moja tu ashinde.

Bibi Hargrave akaudondosha mpira karibu na wavu. Zeyana akakimbia, akauwahi, akaupeleka pembeni. Bibi yule akaufuata, akateleza, akaanguka kwa magoti. Damu ikatoka.

Bi Riziki, kiongozi wa kikosi, akapiga kigelegele. Zeyana akausogelea wavu akihema. "Pole, bibi. Pole sana."

Mwamuzi, Mzungu aliyejifunza Kiswahili kwa kuamrisha watu, akashuka kitini. "Unaomba radhi? Basi mpira ulidunda mara mbili kabla hujaupiga. Umekiri."

"Sikukiri, bwana. Ameanguka, nimempa pole."

"Kama hukukosa, liondoe neno hilo mbele ya watu. Ama pointi ni yake."

Bibi Hargrave, aliyejua vyema mpira ulidunda mara ngapi, alikuwa akifuta goti kwa leso.

"Liondoe, mwanangu," Bi Riziki akambembeleza. "Neno tu hilo. Tumechoka sote, twende zetu."

Zeyana alichoka kuliko wote. Akalitazama goti lile. "Nitaiondoaje pole, Bi Riziki, na mtu bado anavuja damu?"

Pointi ikaenda, na mchezo ukaenda nayo, maana miguu ya Zeyana haikuwa na cha kutoa tena. Wahenga wanasema wema hauozi. Siku ile ulianza kunuka. Kombe likachukuliwa na Kenya, na kabla ya mwezi kwisha wanaume wakakitwaa kiwanja.

Kitabu cha kombe kiliandika mstari mmoja: Zeyana binti Suud alikiri kosa. Miaka mingi baadaye mjukuu wake aliusoma, akamwuliza kama ni kweli.

"Mara moja," akajibu bibi kizee, macho kayafumba. "Ulidunda mara moja tu, mjukuu wangu."