Shauri la Vigelegele katika Jengo la Zabibu

Mama Tupokigwe aliweka kiganja mdomoni, akachezesha ulimi, akapiga kigelegele kwa nguvu zake zote. Hakikutoka kitu. Mishipa ya shingo ilimsimama, mashavu yakatetemeka, lakini sebule ilikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Ukutani, kizimasauti kilikuwa kimeinasa sauti ile na kutoa mawimbi ya kuipinga kabla haijamfikia hata bibi harusi mtarajiwa aliyekaa pembeni yake.

"Makubwa haya!" alisema kwa sauti ya kawaida, ambayo ilipita vizuri tu. "Jumamosi namwozesha binti yangu au namsindikiza jela? Hata msibani watu wanalia na kusikika!"

Aliyeambiwa hayo ni jirani yake, wakili Nuruana Kihwelo, mwandishi wa blogu ya Kona ya Hukumu, iliyosomwa Dodoma nzima kwa sababu ilichambua kesi bila kumlaza msomaji usingizi. Nuruana aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Hukumu yenye kasoro ilimfurahisha kama wengine wanavyofurahia mpira.

Vizimasauti vilifungwa kwa amri ya Mwamuzi, mashine iliyosikiliza mashauri ya majirani. Mzee Lubeleje wa ghorofa ya juu alilalamika kuhusu kelele za maandalizi ya harusi. Mwamuzi akapima, akakuta zimevuka kiwango, akatoa hukumu kabla chai ya mzee haijapoa.

Nuruana aliisoma hukumu upya. Vipimo vilikuwa sahihi, vifungu navyo sahihi. Kilichokosekana kilimfanya acheke peke yake: mzee alibonyeza kitufe cha malalamiko, basi, na hakuna aliyemuuliza neno. Akaandika kwenye blogu: "Haki ya kusikilizwa ni ya kila upande, hata upande ulioshinda. Katika shauri hili mashine ilisikiliza kelele, haikumsikiliza mzee."

Mwamuzi aliundwa asome kila uchambuzi wa hukumu zake na kurudia shauri pale palipoonyeshwa kasoro. Kesho yake akawaita wote kwenye ukumbi wa jengo.

"Mzee Lubeleje," sauti ya Mwamuzi ilitoka kwenye spika, "tafadhali eleza kinachokuumiza."

Mzee, aliyekuja na suti na tai, alikohoa kwanza. "Kelele sina shida nazo. Nimekaa humu tangu jengo linafunguliwa. Kila harusi naisikia, pilau nainusa, na hakuna hata moja niliyoalikwa."

Hakuna aliyethubutu kumtazama. Siku hizo wageni wa harusi walichaguliwa na mwalishi, programu iliyoangalia unaongea na nani zaidi kwenye simu. Tangu mkewe afariki, mzee hakuwa na wa kuongea naye, hivyo kwa mwalishi alikuwa kama hayupo. Nuruana alisikia uchungu. Yeye mwenyewe alikutana naye kwenye lifti kila wiki na hakuwahi kuvuka salamu.

"Mahakama haina uwezo wa kuamuru mtu aalikwe," Mwamuzi alisema.

"Nani kaiomba?" Mama Tupokigwe alisimama. "Shikamoo, baba. Yaani tumepelekana mahakamani kwa ajili ya sahani ya pilau?"

"Marahaba. Na nyama," mzee alijibu.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee aliondoa shauri palepale, vizimasauti vikazimwa, na Mama Tupokigwe akapita mlango kwa mlango akialika kwa mdomo wake mwenyewe. Ile programu ya mwalishi aliifuta kwenye simu.

Jumamosi mchana vigelegele vilitikisa vioo vya jengo zima. Mzee Lubeleje alikaa na wazee wa upande wa bibi harusi, akala, akaongeza, kisha akaingia uwanjani na kuwafundisha vijana mtindo ambao magoti yao hayakuuweza. Nuruana alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma, kwa furaha tupu.

Jioni DJ alianza kukunja nyaya zake. Mzee akamwendea Nuruana, jasho likimtiririka, tai imehamia mkononi.

"Wakili," alisema, "hawa wanazima muziki mapema mno. Jumatatu nawashtaki."