Sufuria ya Dawa ya Kichina

Je, msikilizaji wangu, umewahi kuona mtu anashona nguo huku amepiga magoti? Fundi mmoja wa kike alishona hivyo. Kila mwezi damu ya hedhi ikija, kiti hakikukalika. Alipiga magoti kando ya cherehani, akazungusha gurudumu kwa mkono, jasho likidondokea nguo za watu.

Kliniki walimpa vidonge. Damu ikapungua, kisha ikakatika, na maumivu yakaanza kulegea. Lakini mama mkwe wake akaingiwa na hofu.

"Damu isiyotoka inakwenda wapi, mwanangu? Si inaoza humo humo? Mjukuu wangu atakaa wapi?"

Akaenda duka la dawa za Kichina, akarudi na pakiti ya mizizi na magome. Akaichemsha mpaka nyumba nzima ikanuka kama shimo lililochimbwa jana.

"Kunywa. Inafungua."

"Chungu, mama!"

"Dawa isiyo chungu ni chai. Kunywa!"

Fundi akanywa. Angemkataliaje mama wa mumewe? Vidonge akavimeza kwa siri chooni. Kliniki nako akaficha habari ya mizizi. Damu ikarudi kwa fujo. Siku moja akaanguka, gauni la mteja mkononi.

Akapelekwa kliniki, na muuguzi akawakalisha yeye na mama mkwe wake.

"Dada, unatumia dawa gani nyingine?"

Akajibu mama mkwe: "Mizizi. Nimechemsha mimi. Kosa?"

"Kumhurumia si kosa, mama. Lakini sikia. Ugonjwa huu unaitwa endometriosis. Nyama inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba imeota nje yake. Inavimba, inavuja, inauma. Vidonge vinaituliza. Damu haikufungiwa popote, ni kwamba haitengenezwi. Akiviacha, kwa kawaida hedhi hurudi."

"Na Wachina wanajidanganya miaka yote hiyo?"

"Sijasema hivyo. Watafiti wanaichunguza mizizi yao, na wapo waliosema wamepata nafuu. Ila ushahidi bado hautoshi. Tena mingine huweza kuzidisha damu, kugombana na vidonge, au kuumiza ini. Ile yenu ni mizizi gani?"

"Pakiti ina picha ya ua," mama mkwe akasema kwa sauti ndogo.

"Basi ileteni tuione. Dawa yoyote, hata ya majani, tuambieni."

Daktari akampima damu, akasimamisha mizizi, vidonge vikaendelea. Ugonjwa haukuisha, bado kuna siku anapouma mto kwa maumivu. Lakini siku hizo zimepungua, na sufuria imerudi kupikia maharage.

Waliporudi kliniki, muuguzi akasema, "Sasa tupange. Matibabu ya anayetafuta mtoto si sawa na ya anayetafuta nafuu."

Mama mkwe akafungua mdomo.

"Namuuliza yeye, mama. Dada, unataka nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Fundi akatazama sakafu, kisha akamtazama mama mkwe.

"Mama, nisamehe. Mtoto bado sijamtaka. Nilitaka tu maumivu yaniache."